Maswali Niliyopeleka Baraka

Siku ya kwanza darasani, profesa alitaka kila mmoja wetu aseme alisomea nini kabla ya kufika pale. Wengi walitoka kwenye saikolojia yenyewe, mmoja alikuwa muuguzi, mwingine mwalimu wa sekondari. Zamu yangu ilipofika nilisema, “Kilimo. Nilikuwa nashughulikia magonjwa ya mihogo kule Fizi.” Darasa likacheka. Profesa hakucheka. Alivua miwani, akaniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba nitafanya mwaka mzima wa kozi za nyongeza kabla hajaniruhusu kukaa mbele ya mgonjwa hata mmoja.

Nilikubali. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sina mume, sina mtoto, na kule nilikotoka kazi yangu ilikuwa imekwisha bila mtu kunifukuza.

Ilikwisha hivi. Vita vya kwanza vilipotufikia, mji wetu wa Baraka ulimwagika wote: wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi, sisi wengine tukapanda milimani. Tuliporudi, mashamba yalikuwa msitu. Nikapewa kazi ya kugawa pingili za mihogo kwa vikundi vya akina mama, bamama kama tunavyosema kwetu, kando ya barabara ya Mboko. Zilikuwa pingili nzuri, nilizichagua mwenyewe, zisizo na ule ugonjwa unaokunja majani. Bamama walizipokea, wakanishukuru, wakazisimamisha ukutani. Wiki tatu baadaye nilizikuta palepale, zimekauka.

Niliwagombeza. Nilikuwa mtu wa kugombeza siku zile. Kiongozi wa kikundi kimoja, mama wa Kibembe ambaye kabla ya vita hakuwa na mpinzani kwa kulima, alinisikiliza hadi mwisho. Mabinti zake wawili walipotea tulipokimbia, na hakuna aliyejua wako wapi.

“Agronomu,” akaniambia, maana ndivyo walivyomwita mtaalamu wa kilimo, “nikipanda, nani atakula?”

Kwenye vitabu vyangu vyote vya udongo na mbegu hapakuwa na ukurasa wa swali lile. Nilifunga daftari, nikarudi nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa Bukavu, nimeomba nafasi ya kusomea magonjwa ya nafsi, kana kwamba ni jibu la kutafutwa maktaba.

Mwaka wa nyongeza ulinitesa. Wenzangu walikuwa wamezoea kusoma kurasa arobaini kuhusu mtu mmoja aliyeota ndoto moja. Mimi nilizoea mistari, vipimo, shamba lenye ugonjwa na shamba lisilo nao. Profesa alikuwa akinirudishia kazi zangu na neno moja pembeni: “Haraka.” Nilitafuta maneno ya Kiswahili na ya Kibembe ya yale tuliyofundishwa, na mara nyingi sikuyapata. Kwetu mtu husema moyo unapiga mbio, kichwa kimejaa, damu imeisha. Niliandika maneno hayo nyuma ya daftari. Yalikuwa machache, na magonjwa yalikuwa mengi.

Kisha vita vya pili vikaja, barabara ikafungwa. Fizi ikawa upande mmoja na mimi upande mwingine. Mama yangu alifariki kule na nilipata habari baada ya miezi mitatu, kwa mdomo wa mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye alidhani najua. Siku ile nilikwenda darasani kama kawaida. Somo lilikuwa juu ya kuomboleza. Niliandika kila kitu.

Wakati wa kuandaa memwari, tasnifu ya kumaliza masomo, ulipofika, nilisema nitakwenda Baraka kuhoji bamama waliopoteza watoto. Barabara ilikuwa imefunguka kidogo. Profesa aliniita ofisini, akafunga mlango.

“Ukishaondoka, nani atabaki nao?” akaniuliza.

“Nitarudi, profesa.”

“Unajua hivyo?”

“Kule ni kwetu.”

Alivuta karatasi yangu ya ombi. “Usiulize kitu ambacho huwezi kukaa nacho,” akasema, halafu akatia saini. Nilitoka nikiwaza kwamba ni mtu wa mjini, anaogopa barabara, na anadhani sote tunaogopa.

Nilishuka hadi Uvira kwa lori, nikaendelea kusini kwa vipande vipande, kwa pikipiki na kwa miguu. Kwenye kizuizi kimoja baada ya Mboko mwenye bunduki alimwaga begi langu, akakuta makaratasi ya maswali. Alisoma kwa kidole, polepole, akitamka: unalala? Unaota ndoto mbaya? Unashtuka ukisikia kelele? Nilidhani nimekwisha, nitaitwa mpelelezi.

“Hii ni ya nani?” akauliza.

“Ya bamama ya Baraka.”

Akayapanga vizuri, akanirudishia. “Na siye,” akasema, “nani atatuuliza?” Akafungua njia. Nilipita. Hata kumtazama sikumtazama.

Parokia moja ilinipa chumba chenye benchi mbili. Yule mama wa Kibembe alikuja wiki ya pili. Alikuwa amekonda, lakini alicheka aliponiona. “Agronomu! Umeacha mihogo, sasa unalima watu?” Tulicheka wote. Nikamsomea maswali yangu. Yale ya kwanza aliyajibu kwa kifupi, kama mtu anayelipa kodi. Kisha nikaweka karatasi chini, kama nilivyofundishwa, nikanyamaza. Profesa alitufundisha kwamba ukinyamaza vizuri, mtu atajaza ukimya.

Aliujaza. Asubuhi yote. Alinieleza siku ile ya kukimbia, kitu ambacho hakuwahi kumweleza hata mume wake. Mabinti hawakupotea kwenye msongamano, kama kila mtu alivyoamini. Mdogo alikuwa ameshika kitenge cha mama yake, analia, na watu wenye silaha walikuwa karibu. Mama alibandua vidole vyake kimoja kimoja, akamwambia dada yake amvute kwenye matete, wakae humo hadi arudi kuwachukua. Aliporudi matete yalikuwa yamelala chini na hapakuwa na mtu.

“Ni mi niliwaacha,” akasema. “Mupaka leo batu banasema balipotea. Mi sikatai.”

Lazima niandike hapa nilichohisi, kwa sababu nimekificha miaka mingi. Nilihisi furaha. Mkono wangu ulikuwa ukikimbia kwenye daftari na sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa ikisema: hii ndiyo, hii ndiyo memwari yenyewe. Alilia mbele yangu nami nilikuwa nikiangalia kama nimepata maneno yake sawasawa.

Siku mbili baadaye zikaja habari kwamba mapigano yanashuka kutoka upande wa Lulimba. Dereva wa pikipiki akasema ni leo au hapana. Yule mama alinikuta nafunga begi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala tangu tulipoongea.

“Agronomu, unaenda?”

“Narudi baada ya mwezi, mama.”

“Ile mambo imetoka, sasa haitaki kurudi ndani. Naisikia muchana yote. Nifanye nini?”

Nilimwonyesha namna ya kuvuta pumzi na kuhesabu. Tuliifanya mara tatu, tumesimama mlangoni, dereva akiwa amewasha pikipiki. Akanishukuru. Nilikuwa nimeona shukrani ile mara moja kabla, mbele ya pingili zangu, na sikuitambua.

Barabara ilifungwa nyuma yangu, na mwezi ukawa miaka miwili. Nilitetea memwari mbele ya watu watano waliovaa tai. Mama wa Kibembe aliitwa “kisa cha tatu”. Mmoja wa wale watano alisema kisa cha tatu kinagusa sana, kimeandikwa kwa umakini mkubwa, na wakanipa alama za juu. Tulipotoka profesa wangu alinipa mkono, akauliza, “Habari za yule mama?” Nikasema sina. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Wenzangu walininunulia soda.

Niliporudi Baraka vita vilikuwa vimelegea. Mume wa yule mama nilimkuta ufukweni akishona wavu. Ni mtu mpole. Hakusimama, lakini alinisogezea kiti.

“Mama yuko?” nikauliza.

“Yuko ng’ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi.” Aliendelea kushona. “Baada ya wewe kuenda, alitembea kila siku mupaka ku matete. Ananiambia yote. Anaambia batu yote, ku soko, ku kanisa. Bamoja bakamwita mchawi. Nikamuvusha.” Akakata uzi kwa meno. “Simukasirikie yeye. Ningejua tangu zamani, ningebeba naye. Lakini wewe, mama, ulimufungua, ukamuacha wazi.”

Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nilianza kumweleza habari za barabara, mapigano, dereva. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia jina la kijiji cha kambi na mstari wa nyumba yake.

Nilivuka. Nilimkuta ameketi nje, anachambua maharage. Alikuwa mzima kwa kumtazama, nguo safi, kichwa kimefungwa kitambaa. Nilisimama mbali kidogo nikamsalimu kwa Kibembe. Aliinua uso, akanitambua; niliona kabisa kwamba amenitambua. Aliweka ungo chini, akasimama, akaingia ndani, akavuta mlango wa bati.

Jirani yake alitoka. “Yeye iko hivi. Rudi kesho.”

Nilirudi kesho yake. Mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Nilikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa udongo, na upande wa pili nilimsikia akisogea, akikohoa, akiweka chungu. Sikumwita. Nilikaa hadi chombo cha kurudi kilipokaribia kuondoka, na hakutoka.

Sasa nina chumba kwenye kituo cha afya, Baraka, karibu na pale wanapopima malaria. Watu huja. Sichukui daftari. Nawauliza machache sana, na wengine nadhani wanaondoka wakiona hawajasaidiwa, kwa sababu walitaka kusema na mimi niliwazuia. Mwaka uliopita mjane mmoja aliniambia, “Mama, we unaogopa.” Nikamwambia ndiyo. Hakurudi tena. Niliwahi kupita mlangoni kwake, nikaona moshi wa jikoni, nikaendelea na njia yangu.