Mistari Mitatu ya Wino Mwekundu

Siku moja naikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu, nayo ni siku niliyosimama mbele ya wanawake wa kijijini kwetu Ajia nikasoma karatasi ya Kiingereza kana kwamba lugha hiyo ni ya mama yangu. Umekuja kuniuliza namna ya kuongeza maneno ya Kiingereza na kuelewa unachosoma kabla ya mtihani. Nitakujibu. Lakini kaa kwanza, maana jibu langu lina aibu ndani yake, nami sipendi kuisimulia mtu akiwa mlangoni.

Miaka ile ya sabini, mwanzoni mwanzoni, nilikuwa kidato cha pili mjini Arua. Nilikuwa na daftari dogo, nalibeba ndani ya shati kila niendako. Kila neno refu nililokutana nalo nililiandika humo, nikalikariri, nikawatupia watu. Maana yake je? Hiyo nilisema itakuja yenyewe. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mpole, alilifungua daftari lile akatikisa kichwa. "Wewe kijana unaokota vifuniko vya soda," aliniambia. "Soda yenyewe utakunywa lini?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, nisijue nachekwa mimi. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kutoka Arua hadi nyumbani Ajia.

Huko Ajia alikuwako shangazi yangu Ayikoru, mjane wa askari. Kiswahili alikipata kambini, na hakukiacha hata aliporudi kulima. Alikuwa na binti mmoja, Candiru, aliyemaliza darasa la saba na kupata nafasi ya sekondari. Karo yake ingetoka kwenye tumbaku, na tumbaku huanzia kitaluni. Kitalu kikifa, mwaka umekufa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Bwana shamba alipita na baiskeli yake, akaacha mbegu, kopo la dawa ya kuua wadudu wa udongoni, na karatasi ya maelezo. "Tafuteni mwanafunzi awasomee," akasema, akaenda zake Manibe. Mwanafunzi alikuwa mimi, niko likizoni, nangoja tu kuitwa.

Nikasoma. Lo! Nilisoma kwa pua, nikapandisha sauti na kuishusha, na wanawake waliokuja kumsaidia shangazi kulima wakapiga vigelegele. Sehemu ya kuchanganya dawa na maji niliielewa, maana ilikuwa na picha ya ndoo. Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu ya wino mwekundu. Maneno yake mawili matatu yalikuwamo daftarini mwangu, lakini yalichokuwa yanasema sikukipata hata chembe. Shangazi akaweka kidole palepale.

"Na hii nyekundu, iko inasema nini?"

Mwanangu, neno moja tu lilitakiwa: sijui. Mwalimu wa shule ya msingi alikaa ng'ambo ya kijito, unafika kabla jasho halijakutoka. Nikawatazama wanawake wale. Nikamtazama Candiru, aliyenikodolea macho akiamini atafika nilikofika. Nikajibu, "Hilo ni jina la kiwanda tu, shangazi. Mwageni dawa leo, kesho mpande."

Wakamwaga. Kesho yake wakapanda.

Siku zikapita, kitalu kimya. Vikachomoza vimche vichache vya manjano, vikalala chini. Kila asubuhi shangazi alichuchumaa pale akiparua udongo kwa ukucha, anatafuta mbegu zake. Nilimwona, na moyoni nilishashuku. Unafikiri nilisema? Nilisema labda mbegu ni mbovu! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwanza humwacha ale na kulala kama watu wengine, na mimi nilikula ugali wa shangazi huyohuyo.

Bwana shamba akarudi. Akatazama kitalu, akaomba karatasi, akaisoma hadi chini. "Hapa pameandikwa, ukishamwaga dawa ngoja wiki mbili ndipo upande. Kabla ya hapo dawa inaua mbegu. Nani aliwasomea?"

Wanawake wote wakanigeukia. Masikio yaliniwaka moto. Nikafungua mdomo, labda kwa uongo mwingine, lakini shangazi akanitangulia.

"Kijana alisoma vizuri," alisema. "Hiyo nyekundu mimi sikumuonyesha. Kosa iko yangu."

Wenzake, waliomsikia akiniuliza siku ile, wakainamia majembe yao. Bwana shamba akamkaripia mbele ya watu, mama mzima, akamwita mzembe wa kuharibu mali. Yeye akainamisha kichwa: "Ndiyo, bwana." Nami nimesimama hapohapo, daftari ndani ya shati, kimya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata mbegu. Kutojua humpata kila mtu. Kumwacha mama yule atukanwe kwa ajili yangu, hilo nililichagua.

Watu walipoondoka shangazi alinikuta nyuma ya ghala. Hakupaza sauti.

"Nimekufunika kwa sababu wewe iko mtoto ya kaka yangu. Sasa tuko wawili tu. Ungesema hujui, ningekucheka? Ningeenda kwa mwalimu na miguu yangu. Mimi sikusoma, lakini najua pahali ninajua na pahali sijui. Wewe shule imekufundisha nini?"

Nililia, na hata kilio kile nilikionea haya, maana aliyepaswa kulia alikuwa yeye.

Mbegu hazikugawiwa tena, na mvua haikungoja mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Candiru hakwenda shule mwaka ule, na uliofuata akaolewa na mfanyabiashara wa Koboko. Harusini sikutokea. Nilisingizia mtihani.

Baada ya hapo nikaanza kusoma upya, polepole, kama mtu anayejifunza kutembea. Nami nikawa mwalimu. Mwaka wa sabini na nane nilitumwa Koboko kwa kazi, na sokoni nikasikia mtu ananiita kaka. Candiru! Anauza muhogo, mtoto mgongoni, mtoto ana homa. Akafungua fundo la kitenge akanipa karatasi ya zahanati, Kiingereza kitupu. "Wewe ni mwalimu sasa, nisomee," akasema.

Niliisoma yote kimya, nikairudia. "Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, hapo nina hakika," nilimwambia. "Mstari huu wa mwisho siujui. Twende tukaulize."

Mwuza chumvi wa karibu akaangua kicheko. "Mwalimu gani huyu hajui kusoma?"

Candiru akamkaza mtoto mgongoni. "Mwache," akasema. "Leo ndiyo anajua."

Njiani kwenda zahanati nikamwomba msamaha, nikamweleza mistari ile mitatu. "Nilijua siku ileile," akajibu. "Nilikuwa nangoja wewe useme."

Miaka yote ile, mwanangu. Alikuwa ananingoja.

Basi jibu lako ni hili. Neno usiliokote peke yake. Liandike na sentensi yake, soma iliyo kabla na iliyo baada, kisia maana, ndipo ufungue kamusi uone kama ulipatia. Halafu litumie mwenyewe, hata ukichekwa. Ukimaliza aya, funga kitabu uieleze kwa lugha ya nyumbani. Ikikushinda, hukuielewa, irudie bila kujionea haya. Na usiache kusoma mpaka mstari wa mwisho, hasa ule unaokutisha. Kuuliza si ujinga. Lakini juu ya yote, siku utakapoombwa usome kwa niaba ya mtu mwingine, kumbuka mkononi una kitalu chake.

Mungu akufungulie macho uelewe, akupe na ulimi mwepesi wa kusema sijui. Na asije mtu akainamisha kichwa chake kwa ajili ya kosa lako. Haya, chukua kitabu chako, nisomee ukurasa wa kwanza. Polepole.