Tulipofunga Njia ya Jirani

Harufu ya matete mabichi hunirudisha kijijini Ngezi, uani kwetu. Katika ua uliotutenganisha na jirani palikuwa na njia ndogo. Nyumba ikishika moto, watu walipita hapo na ndoo za maji. Vita ilipotulia, baba hakuwaamini tena watu wa upande ule wa jirani. Tukaiziba njia kwa matete.

"Kaza nguvu," aliniambia. "Hata kuku isipite."

Nilikaza mafundo ya kamba kwa fahari.

Kiangazi kilichofuata, mchana mmoja, wazazi wakiwa shambani, cheche za jikoni zilishika paa la nyasi la nyumba. Ndani alikuwamo mama yake baba, asiyeweza kutembea. Mama jirani alikuja mbio na maji, akakwama nyuma ya matete.

"Fungula, mutoto!"

"Mafundo inakataa, mama!"

"Kata basi! Mama muzee iko ndani!"

Sikuwa na kisu. Akayarusha maji kwa juu, yakaniangukia miguuni. Alipokwisha kuzunguka kwa barabara, paa lilikuwa limeporomoka.

Kesho yake mama jirani alikuja kumwosha bibi, aliyefia ndani. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, acha nipite," mama jirani alimwambia.

Baba hakusogea upesi; mwishowe akampisha.