Dude la Zefania

Zefania alikuwa na maneno mengi kuliko nyanya, na mwenyewe alijua. "Mimi na redio tofauti yetu ni betri tu," alikuwa akisema, na miaka ile betri zenyewe ulizitafuta kwa tochi.

Kisha serikali ikaachia biashara huru. Wachuuzi wakapanda kutoka Same kutafuta nyanya, na mlimani kila mtu akawa mkulima wa nyanya. Maji ya ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba mababu juu ya kijiji, yakawa hayatoshi. Wajanja wakaanza kuyafungulia nje ya zamu zao. Zamu ya Zefania ikifika, anakuta tope. Nyanya zikanyauka, na nyumbani hapakuwa na tegemeo jingine.

Ndipo kilabuni, akiwa na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, mkononi, akaliumba Dude. Aliapa ameliona kwa macho yake: limejaa tope, halina shingo, linatembea upandeupande, linaishi ndivani na halimtaki anayekuja nje ya zamu. Kilabu kizima kikaweka vibuyu chini. Weee, Zefania alijiona bingwa!

Wezi wakakoma, nyanya zikanywa. Lakini Dude nalo likanenepa. Huyu aliliongezea meno, yule mkia, na Priska, jirani yake, akaliozesha mke kabisa. Zefania mwenyewe akaacha kupita njia ya ndiva jioni. Mtu mzima na ndevu zake, anaogopa uongo wake! Alijicheka, lakini alizunguka.

Ikafika siku ya msaragambo, ambapo kijiji kizima huingia ndivani kutoa tope kwa pamoja. Pembe ikapulizwa, hakutokea mtu. Tope likajaa, maji yakakosa pa kukaa. Zefania akamwendea Aminieli, msimamizi wa ndiva.

"Shikamoo, mzee. Lile Dude nililitunga mimi."

"Marahaba. Pole, mwanangu," Aminieli akamwambia kwa huruma. "Limekutisha mpaka unalikana."

Zefania akabeba jembe na kwenda kuchimba peke yake, mchana kweupe. Hakufika mbali. Akateleza, akazama kwenye tope mpaka utosini. Alipojikokota ukingoni, kiuno kimeteguka, akawakuta Aminieli na wenzake waliokuja kumchungulia. Wakatimua mbio.

"Jamani, ni mimi Zefania!"

"Mama yangu! Limemmeza, na sauti limechukua!"

Akabaki pale na tope lake, na sabuni yenyewe ya kukopa. Mkewe, Evaline, akafika na bakuli la makande. Hakukimbia. Alimkagua juu mpaka chini, macho yakatua pale shingo ilipopaswa kuwa.

"Baba Eliufoo, siku uliyosema halina shingo, nilijua umejieleza mwenyewe."

Zefania akacheka mpaka kiuno kikamkatalia. Kisha akalia, maana nyanya zilikuwa zinakufa kweli.

"Nimeumba kitu, mama Eliufoo, na kimenishinda."

"Nyamaza, ule. Halafu tuchimbe."

Evaline akajifunga khanga kiunoni, akashuka topeni. Haikupita muda, naye hakujulikana uso wala kisogo. Bega kwa bega wakachota tope na kulirusha nje.

Kule chini, watu walikuwa wamejazana njiani, shingo juu. Priska akapiga ukelele, mikono kichwani:

"Si niliwaambia lina mke!"