Chatu wa Mkwe na Mkono Wangu

Nimesoma hadi darasa la tatu, basi. Lakini nimepika Ngarenaro miaka thelathini na kitu, karibu na magereji, na nyumba hii ya Terrat imesimama kwa wali maharage. Miaka yote hiyo sikuwahi kushika sufuria kwa kitambaa. Nilikuwa naipua kwa mikono mitupu, mafundi wanatikisa vichwa, wanasema huyu mama kaumbwa kwa chuma. Nilipenda wakisema hivyo.

Kwa hiyo mkwe wangu aliponiachia kazi ya kuangalia joto la nyoka wake, niliona ni kazi ya kukalia stuli tu.

Mkwe anafanya kazi mahali wanapoonyesha watalii nyoka, na ana kibali cha kufuga chatu mmoja mdogo hapa nyumbani. Julai ile alitumwa mbali wiki mbili. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, daktari amemwambia alale, asiiname. Mjukuu wangu wa kwanza huyo. Nilishawatangazia wenzangu wa kwaya kwamba mtoto nitamwogesha mimi, asije mtu mwingine. Beseni la bluu lilikuwa chini ya kitanda changu, limefunikwa khanga.

Mkwe alinionyesha sanduku la kioo. Upande mmoja, chini ya sakafu yake, kuna mkeka wa umeme. Upande wa pili hakuna kitu.

“Huku kwenye joto lisizidi thelathini na mbili, mama. Huku abaki na ubaridi wake, atahama mwenyewe akichoka. Kile kidude kinachozima mkeka chenyewe kimeungua umeme uliporudi kwa nguvu, kwa hiyo utakuwa unasoma kipima joto, likizidi unachomoa. Namba utaziona?”

“Nimerudisha chenji miaka thelathini, unaniuliza namba.”

Akacheka, akaniaga, akaondoka. Kipima joto nikakitia kwenye droo ya vijiko.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Mlima Meru hatukuuona wiki nzima, wingu limeukalia. Kila asubuhi nilitia kiganja ndani ya sanduku, nikasikia vuguvugu, nikaacha mkeka uwake. Nikafunika na blanketi juu. Chatu akajikunja pale pale kwenye mkeka, hahami. Nikajua ameridhika, anaota moto kama mzee mwenzangu.

Binti yangu akiwa kwenye kochi aliuliza kila siku.

“Umepima, mama?”

“Nimepima.”

“Kwa kitu gani, na kipima joto kiko kwenye vijiko?”

“Kwa mkono uliokulea.”

Siku ya sita akaja ameshika ukuta, akachungulia. Chatu alikuwa amejaa kwenye bakuli lake la maji, mwili mzima, kichwa tu nje.

“Huyu amezidiwa na joto,” akasema.

Nilimtoa. Tumboni magamba yalikuwa ya kahawia kama ukoko, yanatoa majimaji. Binti akaweka kiganja pale alipokuwa analala chatu, akakirudisha haraka.

“Mama, hapa panaunguza.”

Nikaweka changu. Vuguvugu. Nikakiacha hapo, ili aone hapaunguzi.

“Toa mkono, mama.”

Alinishika kifundo akanivuta. Kiganja kilikuwa chekundu. Alikitazama muda mrefu, kisha akaweka mkono wake juu ya tumbo lake, akarudi kwenye kochi. Afadhali angenifokea.

Nilikitoa kipima joto kwenye vijiko. Nilipokiweka pale kilisoma hamsini na mbili.

Mkwe kwenye simu alinielekeza dawa na kunisihi nisijilaumu. “Hata chatu mwenyewe tumboni hasikii vizuri, mama. Analala juu ya moto anadhani ni pazuri, mpaka aungue.” Alisema kunituliza. Sikutulia.

Siku zilizobaki nilisoma namba asubuhi, mchana na jioni, miwani puani, nachomoa, nachomeka. Kuinuka kwenye ile stuli kulinimaliza kuliko masufuria yote ya Ngarenaro. Chatu alipona, kovu limebaki. Mimi nilikuwa nimechoka mwili mzima, na beseni sikutaka hata kuliona.

Mwezi wa nane nikamwambia binti amwite mama mkwe wake kutoka Kikwe, aje amwogeshe mtoto.

“Wewe je?”

“Mkono wangu umeuona.”

Baadaye akasema, “Mume wangu atanunua kipima joto kingine, cha maji. Utamwogesha wewe.”

“Yaani mimi nipime kama kwa chatu.”

“Kama kwa chatu, mama.”

Nilikasirika siku mbili. Halafu nikalitoa beseni.

Mtoto sasa ana wiki tano. Kila asubuhi nachanganya maji, natumbukiza kile kijiti cha kupimia, navaa miwani, nasoma kwa sauti: thelathini na saba. Binti yangu husimama mlangoni mpaka aisikie namba, ndipo anaenda kunywa uji wake. Simlaumu. Siku nyingine ninakuwa nimechoka kiasi kwamba naisoma mara mbili, naye anangoja ile ya pili.