Maji ya Mtungi wa Ubani

Miaka ya arobaini nilifanya kazi Changamwe, kwenye uwanja ambao nguzo za simu zilichemshwa katika mafuta ya lami ili mchwa wasizile. Mimi nilipewa kazi ya kuyasafisha maji machafu ya uwanja. Yalipita katika shimo nililolijaza mchanga na makaa ya vifuu vya nazi, makaa yakanywa lami, kisha maji yakateremka bondeni. Lakini makaa nayo hushiba. Yakishiba, lami hupita hivihivi, na hatukuwa na chombo cha kutuambia yameshiba lini. Tulitegemea ulimi.

Nilitoka Rabai, sina ndugu pale. Nilinuka lami hata nikioga kwa ndimu. Nikiketi kwa muuza kahawa, watu wote hukumbuka shughuli zao. Mlango mmoja tu ulinifungukia, wa bibi mjane mwenye kisima kule bondeni. Kila Ijumaa nilikwenda kuonja maji yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Alinichotea kwa kata kutoka mtungini. Maji baridi, yananukia ubani, kama ya nyumba zote za heshima.

"Hayana lami, bibi?"

"Lami ya wapi? Nywa, mwanangu."

Nikanywa, nikazungumza, nikacheka. Wiki nzima niliingoja Ijumaa. Na kwa kuwa maji yalikuwa matamu, niliona makaa bado yana kazi, nikayaacha wiki nyingine, na nyingine.

Ijumaa moja nikakuta kufuli. Jirani yake alikuwa akianua nguo.

"Amehamia Mtopanga kwa bintiye. Maji yamemshinda, yamuumiza tumbo."

"Mbona kwangu aliyasifu?"

Akanitazama kana kwamba mimi nimekosa malezi. "Mgeni huambiwa maji ya nyumba ni mabaya? Siku yako ya kuja, mtungi alikuwa akiufukiza mara mbili, harufu ya lami ife."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Nilishuka kisimani, nikateka, nikanywa. Lami tupu, mpaka kooni. Nilimkasirikia yeye na adabu zake, kisha nikalia, kwa sababu pale Changamwe hakuna mwingine aliyewahi kujisumbua ili mimi ninywe vizuri.

Kesho yake nikayatoa makaa yote, nikatia mapya, na sikuyaacha yashibe tena. Masika yalipopita, kisima kikatakata. Nikampelekea salamu Mtopanga, hakurudi. Ijumaa ilipofika nilishuka, nikateka, nikaonja. Maji yalikuwa mazuri, na hapakuwa na wa kumwambia.