Malango Yaliyoachwa Wazi

Majirani walimwita Bi Seng'enge, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Mumewe alipofariki alimwachia ng'ombe wa maziwa na shamba lililochakaa, udongo mgumu kama sakafu, mvua ikinyesha maji yanateleza tu. Afisa mifugo ndiye aliyemshauri aligawe vipande kwa seng'enge. Ng'ombe walishwe kipande kimoja kwa muda mfupi, wahamishwe, walichokiacha kipumzike mpaka nyasi zirudi.

"Nyasi zinavuta kaboni hewani, mizizi inaishusha ardhini," alimweleza. "Ukiziacha zipumue, inabaki humo, na udongo unashika maji."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa shemeji, unafuga ng'ombe au unafuga hewa?"

Alichimba mashimo ya nguzo kwa mikono yake. Miaka ikapita, udongo ukaanza kuwa mweusi, laini, umejaa minyoo.

Kikaja kiangazi kikali. Binti yake akashikwa na uchungu kabla ya wakati, naye akaenda kumuuguza hospitali ya mbali, akilala sakafuni kando ya kitanda. Ng'ombe wake alimwachia shemeji awatunze.

Aliporudi, mkoba ungali begani, alikuta malango yote wazi. Ng'ombe wa shemeji walikuwa wametapakaa kila mahali, hata kwenye kipande alichokipumzisha tangu mvua zilizopita. Nyasi zilizokuwa zinamfika magotini zilikuwa zimeng'olewa pamoja na mizizi, na upepo unapeperusha vumbi.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakaziba. Aliutupa mkoba, akaokota fimbo, akawaswaga wote nje peke yake, machozi yakimtoka.

Shemeji akatokea, anajifuta mdomo. "Taratibu basi, shemeji! Si nyasi tu? Zitaota."

"Nyasi tu? Mizizi ikifa na udongo ukibaki uchi juani, yote niliyoyaweka humo yanarudi hewani! Umenirudisha nilikoanzia, na hata kuniomba hukuniomba!"

"Shamba la kaka yangu hili."

"Kaka yako aliliacha limekufa! Nimelifufua mimi!"

Mama mkwe, aliyesikia kelele zao, akawaita sebuleni. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mifugo yake ilikuwa inakufa njaa. Yaishe."

"Hayaishi, mama. Angeniomba ningempa sehemu. Huyu alisubiri nikauguze mtoto."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Uliomba?"

Shemeji akatikisa kichwa.

"Basi utabeba samadi ya zizi lako uilete kwake, na seng'enge zilizokatika utazifunga wewe."

Alileta, toroli kwa toroli, amenuna. Bi Seng'enge aliipokea bila salamu na kuitandaza mwenyewe. Mvua za kwanza ziliposhuka alisimama kwenye tope akitazama maji yanavyokimbia na udongo wake kuelekea bondeni, akatukana kwa sauti, wala hakujali nani anasikia. Vipande vingine vilichipua kwa mabaka. Kile kilichokuwa kimepumzishwa kilibaki na kipara, akafunga lango lake kwa kufuli.

Binti alipomleta mjukuu kumwona bibi yake, alijaribu kupatanisha. "Mama, baba mdogo kashaumbuka vya kutosha. Msamehe."

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Basi aje mwenyewe aseme," alijibu, akampakata mtoto.

Shemeji hakuja kuomba msamaha. Toroli la samadi alilitua nje ya lango, akaondoka.