Hatari Iliyopitia kwa Baba

Juma lililopita, kwenye treni ya kwenda Tumba, nje kidogo ya Stockholm, mbele yangu waliketi mzee mmoja Mrundi na binti yake aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi. Walikuwa wanatoka hospitali. Binti alikunjua karatasi iliyochorwa ukoo wao: duara kwa wanawake, mraba kwa wanaume.

"Kwa hiyo hatari hii haikutoka upande wa mama yako?" mzee aliuliza.

"Hapana, Baba. Damu yako imeonyesha hitilafu ya kurithi inayoleta saratani hii. Uliirithi kwa bibi, ukanipa mimi."

"Mimi, mwanaume?"

"Mwanaume naye hurithisha."

Mzee aliweka kidole kwenye duara la mama yake. Alisema mama yake alifia kambi ya wakimbizi akiwa na kidonda cha titi, nao wakaamini ameuawa na uchungu wa vita. Kisha akampigia simu dada yake Bujumbura.

"Dada, nenda ukapimwe. Usingoje kuumwa. Nenda na wasichana wako."

Mama aliyezikwa zamani, ambaye hakuna daktari aliyewahi kumpima, sasa alikuwa anawaonya wajukuu wake kupitia tone la damu lililosomwa Stockholm.

Walipoinuka kushuka, mzee alimgeukia binti. "Na mama yako, nitamwambia nini? Tangu uugue nimemwambia ugonjwa huu ni wa kwao."

"Anza na samahani, Baba," binti alijibu, akamshika mkono.

Madaktari wa huku wanajua mengi ya kustaajabisha, lakini dawa hiyo ya samahani mzee ataimeza mwenyewe, nyumbani.